Watumishi Waliomrudisha Naamani Mtoni

Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Tunawasalimu nyote mlio hapa Nakivale, wa Base Camp, wa Rubondo na wa Juru, pamoja na ninyi mliokwisha kusafiri mbali na bado mnatumiwa ukurasa huu na ndugu zenu. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda hata tukaingia mwezi huu wa Novemba. Wagonjwa ni wengi, lakini tupo.

Neno letu safari hii linahusu dawa. Tarehe 14 ya mwezi huu ni siku ambayo dunia inakumbuka ugonjwa wa sukari. Umoja wa Mataifa uliikubali siku hiyo mwaka 2006, nayo ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada ambaye pamoja na wenzake aligundua dawa ya insulini mwaka 1921. Mtu wa kwanza kudungwa dawa ile alikuwa kijana wa miaka 14, huko Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata sukari ya namna ile alikuwa anangojea kufa tu, na wazazi wake wanamtazama. Tunajua wengine watasema mchungaji ameacha Injili amekuwa muuguzi. Mtuvumilie kidogo.

Habari ya Naamani tumeihubiri mara nyingi katika kanisa hili, na karibu kila mara tumehubiri juu ya maji ya Yordani au juu ya tamaa ya Gehazi. Leo tunaomba mwatazame watu wadogo wa habari hiyo, wale ambao Biblia haikuandika hata majina yao.

Wa kwanza ni yule msichana. Vikosi vya Shamu vilimchukua mateka kutoka nchi ya Israeli, akawekwa kumtumikia mke wa Naamani. Mtoto huyu ni wa kwetu. Hakuhama kwa kupenda, alitolewa kwao kwa silaha, na bwana wa nyumba aliyokuwa akiifagia ndiye mkuu wa jeshi lililomtoa. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema moyoni, mwache ukoma umle. Lakini alimwambia bibi yake kwamba huko Samaria kuna nabii.

Wa pili ni watumishi waliofuatana na Naamani njiani. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Mtu mkubwa alifika na farasi na magari, talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, na Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge katika Yordani mara saba. Naamani alikasirika. Alikuwa amefikiri nabii atatoka, atasimama, atamwita Mungu wake na kupitisha mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Alitaka jambo kubwa la mara moja, watu wote wakiona, akapewa jambo dogo la kurudiarudia. Akageuka aende zake. Ni wale watumishi waliomkaribia, wakamwita baba, wakamuuliza kwa upole kama angeambiwa kufanya jambo gumu asingelifanya. Akashuka mtoni.

Biblia haisemi kwamba mara ya kwanza alipata nafuu kidogo na mara ya pili akaongezewa. Inasema alijichovya mara saba, ndipo nyama ya mwili wake ikarudi kama ya mtoto mdogo. Sisi tunawaza kwamba mara ya tatu au ya nne alitoka majini, akatazama mkono wake, akauona ni uleule. Mtu akiwa peke yake pale anapanda farasi na kwenda. Naamani hakuwa peke yake.

Basi hapo ndipo tunapotaka kusimama, kwa sababu dawa ya sukari inafanana sana na ile ya Naamani. Haina ajabu yoyote. Mtu anameza kidonge asubuhi na jioni, au anajidunga sindano, na hasikii kitu. Akiacha leo, kesho anaamka vilevile, na keshokutwa vilevile. Ndiyo maana wengi wanaacha. Shirika la Afya Duniani liliandika katika taarifa yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, kwa wastani ni nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata dawa zao kama walivyoelekezwa, na kwamba katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Nusu, wapendwa, na hao ni watu wenye friji, gari na mshahara. Sisi wa posho na maharagwe tusishangae. Lakini tusikubali pia, kwa maana sukari iliyoachwa hailali. Inakula macho, figo na mishipa ya miguu kimyakimya, mpaka siku mtu anakanyaga mwiba asiusikie.

Tena Naamani alikuwa na bahati, kwake ilikuwa mara saba tu halafu kwisha. Mgonjwa wa sukari hana mara ya saba. Yeye yuko kama wana wa Israeli na mana, ambayo waliiokota asubuhi kwa asubuhi kwa miaka 40, na aliyejaribu kuiweka ya kesho aliikuta ina mabuu. Huwezi kumeza Jumapili vidonge vya juma zima.

Sasa tuwaambie habari ambayo tumekaa nayo muda mrefu.

Katika kanisa letu alikuwako kijana mmoja. Alikuja mwaka 2019 kutoka milima ya Fizi pamoja na shangazi yake, baba na mama hawapo. Alikuwa na sukari ile ya vijana, ambayo mwili hautengenezi kabisa insulini yake, basi bila sindano hakuna maisha. Shangazi ndiye aliyekuwa saa yake. Asubuhi alimwamsha, akamwekea chakula, akasimama mpaka amejidunga. Jioni vilevile. Kijana alikuwa analalamika kama vijana wote, anasema shangazi anamfanya mtoto mchanga. Aliimba katika kwaya, sauti ya chini.

Mwaka 2024 shangazi alipata safari ya Marekani, kabla safari hizo hazijasimamishwa Januari 2025. Kijana hakuwa katika faili lake, akabaki. Sisi tulifanya sherehe. Tuliimba, tulilia, tulimwombea shangazi ndege na nchi ya ugeni, tulimfungia ndagala kavu za njiani. Watu walikuwa zaidi ya mia. Hakuna hata mmoja wetu, wala sisi tulioshika kipaza sauti, aliyeuliza: kuanzia kesho asubuhi, nani atamwamsha huyu?

Dawa haikukosekana. Tunalisema hili wazi ili mtu asitafute wa kumlaumu nje. Chupa zake tulizikuta nyumbani, mbili hazijafunguliwa. Kilichokosekana ni chakula cha uhakika, na mtu. Alikuwa anakula pale anapokaribishwa, na siku ambayo hakukaribishwa aliogopa kujidunga, kwa sababu alijua sindano bila chakula inaangusha mtu. Hofu hiyo ilikuwa na akili. Lakini kwa kuogopa kuanguka akawa anapunguza dawa, halafu anaruka siku, na hakuwa na wa kumuuliza. Mwezi wa tatu tangu shangazi aondoke alianza kukojoa sana na kunywa maji kama mtu aliyetoka shambani, akakonda. Jirani waliona kukonda wakanong'ona mambo yao. Kisha akatapika siku mbili, anahema kwa nguvu, na aliokuwa anakaa nao wakasema ni malaria. Tulipoitwa, tulimbeba mbio. Alifariki usiku huo. Alikuwa na miaka 19.

Tulimpigia shangazi simu. Aliuliza swali moja tu, kama siku zile alikuwa anajidunga. Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukujua.

Wapendwa, kule kwetu milimani mtu akizidiwa, wanaume wanakutana bila kuitwa mara mbili. Wanakata miti, wanatengeneza machela, wanambeba usiku kucha kupanda na kushuka mpaka hospitali. Hilo tunalijua, na hata hapa ugenini hatujalipoteza. Yule kijana tulimbeba vizuri sana. Ila ugonjwa huu hauhitaji machela, au ukifika kwenye machela umeshachelewa. Unahitaji mtu wa kuuliza asubuhi kama umekula. Kanisa letu linajua kubeba mgonjwa, halijui kutembea naye. Kwa kifua kikuu tumejifunza, kila mtu anajua kwamba mgonjwa wa TB anahitaji mtu wa kumwona akimeza. Sisi tunadhani tulijifunza upesi kwa sababu kikohozi cha jirani kinatutisha wenyewe. Sukari haimwambukizi mtu, basi tumemwachia mwenyewe.

Lakini kuna msaada unaoua pia, na hapo tunapaswa kuungama jambo lingine.

Januari 2023 tulitangaza maombi ya kufunga siku tatu, kama desturi yetu ya kufungua mwaka. Tulitangaza kwa wote. Hatukuuliza nani yuko kwenye dawa. Baba mmoja, mzee wetu anayemeza vidonge vya sukari vinavyoitwa glibenclamide, alifunga. Mke wake, ambaye ni mama mwaminifu kabisa, alikuwa amefundishwa asimwache aruke dawa hata siku moja, basi kila asubuhi alimpa kidonge chake kwa maji. Alimsaidia kwa moyo wote. Ila kidonge kile kinashusha sukari, umekula au hukula. Siku ya pili jioni, katikati ya maombi, yule baba akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, akamsukuma aliyekuwa karibu naye. Na sisi tulifanya nini? Tulimwekea mikono, tukaanza kukemea pepo.

Tunaandika hivi na aibu. Tulikemea kama dakika kumi. Aliyemwokoa ni binti mmoja wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Alipita katikati ya wazee, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, huyu sukari imeshuka." Wazee wawili walimwambia akae. Hakukaa. Akaomba sukari kwa mama anayeuza chai hapo nje, akakoroga vijiko vinne katika kikombe cha maji, na kwa kuwa mzee alikuwa bado anaweza kumeza, akamnywesha polepole. Baada ya robo saa mzee aliuliza kwa nini watu wote wanamtazama. Tukampa chakula, tukampeleka kituo cha afya usiku uleule, maana binti alisema kwa dawa ile sukari inaweza kushuka tena.

Yule binti ndiye msichana wa nyumba ya Naamani. Tangu siku hiyo tumeamua, na tunarudia ili lisikike kwa wote: mtu anayetumia dawa ya sukari asifunge chakula kabla hajazungumza na wauguzi. Si upungufu wa imani. Atafunga kitu kingine, redio, simu au masengenyo, na hiyo ya mwisho ingetusaidia wengi. Na mkimwona mtu wa sukari anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anachanganyikiwa au anakuwa mkali bila sababu, mpeni upesi kitu chenye sukari akiwa bado anameza. Asipoweza kumeza msimwage chochote kinywani, atapaliwa. Mbebeni. Hapo ndipo penye kazi ya machela.

Kuna ndugu watakaouliza, je, maombi yako wapi? Hezekia alipougua, Isaya alimletea habari ya kufa. Akageukia ukuta akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Nabii ameshatoa ahadi ya Bwana, ameitoa kwa kinywa chake, kisha katika mstari unaofuata anaagiza waletewe mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Hatuoni kwamba Isaya alikuwa na mashaka. Aliomba na akaweka dawa, mambo yote mawili siku moja katika chumba kimoja. Basi anayesimama mbele ya kanisa kushuhudia kwamba ameponywa sukari na ametupa vidonge vyake, tutafurahi naye, lakini tutamwomba kwanza aende akapimwe, na asitupe kitu mpaka muuguzi amemwambia. Sukari inaweza kushuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukimtupa punda kwa sababu mzigo umefika nusu ya njia, mzigo utalala pale.

Tumezunguka katika nyumba zenye ugonjwa huu, tumekaa na kusikiliza, na tumejifunza kwamba msaada una namna yake. Baba mmoja alituambia kwamba mke wake anamuuliza "umekunywa dawa?" mbele ya wageni, mbele ya wakwe, hata kwenye foleni ya bomba. Anamjibu ndiyo kila mara. Mara nyingi ni uongo. Anasema, "Ananiuliza kama polisi, nami najibu kama mwizi." Mama mmoja naye ana binti wa darasa la tano ambaye hamuulizi kitu. Anakaa karibu naye asubuhi na kikombe cha maji, wanazungumza habari za shule, na kidonge kinamezwa katikati ya mazungumzo. Mwisho wa mwezi mtoto anahesabu vilivyobaki na kuwaambia siku ya kwenda kuchukua vingine, maana mama hasomi. Tukamuuliza mama kama anasahau. Akacheka, akasema mtoto hamwachii nafasi. Wale watumishi walimwita Naamani baba. Walimwambia kitu kigumu bila kumvua heshima yake.

Chakula ndicho kigumu zaidi, tusidanganyane. Tangu mwaka 2023 mgao ulipogawanywa kwa makundi na nyumba nyingine zikaondolewa kabisa, kumwambia mtu ale mlo kamili kwa saa zake ni kama kumwambia apande ndege. Metformini huvuruga tumbo siku za kwanza, ndiyo maana huambiwa imezwe na chakula, na asiye na chakula anaiacha kwa sababu tumbo linamsokota. Hatuna ghala. Ila tumeona nyumba mbili zinavyofanya. Ya kwanza inampikia mgonjwa chungu chake peke yake. Baada ya juma moja imechoka, na mgonjwa anajiona mzigo, anakula kidogo na kusema ameshiba. Ya pili imebadilisha chungu cha wote, bugali umepungua kidogo kwa kila mtu, maharagwe na lengalenga zimeongezwa, chai wote wanaizoea bila sukari. Hakuna anayetazamwa kama mgonjwa mezani. Na jirani wa nyumba hiyo, siku ambayo jiko la wenzao halikuwaka, anatuma bakuli bila kungoja kuombwa. Bakuli hilo ni dawa. Bila bakuli lile, kidonge kinakuwa hatari au kinaachwa.

Tunakuja kwa ile habari tuliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Kuna mama katika kanisa letu anayejidunga insulini. Nyumba yake ni ya turubai, na mchana jua linapopiga hata maji ya ndoo yanakuwa ya moto. Insulini haipendi joto, wala jua. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye baridi, na iliyofunguliwa wauguzi husema itumike kama wiki nne na ikae mahali pa ubaridi. Huko Dagahaley, kambi ya wakimbizi upande wa Dadaab nchini Kenya, madaktari wa MSF pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi na kuichunguza dawa hiyo, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Habari hiyo ilikuwa kubwa kwa watu kama sisi, kwa sababu mtu asiye na friji alikuwa analazimika kutembea kila siku kwenda kudungwa, na wengi walichoka njiani. Lakini turubai juani linaweza kupita nyuzi hizo, basi kivuli na chungu bado vinahitajika. Tena mfuate maneno ya wauguzi wenu juu ya dawa yenu, si ya gazeti.

Yule mama hakuwa na chungu, wala kivuli. Jirani yake alikuwa navyo. Ana nyumba ya udongo yenye kivuli cha mti, na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati ameweka mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni. Ndani yake panakuwa na ubaridi. Sasa, jirani huyo ni wa kabila lile ambalo kule kwetu milimani lilichomeana vijiji na kabila la mama mgonjwa. Hatutayataja makabila. Wote mnajua, na wale wasiojua wasitafute. Mama mgonjwa alizika wana wawili kwa sababu ya vita hivyo. Jirani naye alipoteza mume. Walikaa viwanja viwili karibu kwa miaka minne bila kusalimiana, kila mmoja anakwenda bomba kwa njia yake.

Siku moja jirani aliona mama huyu amekaa mlangoni ameshika chupa yake ndogo, anaifunika na kitambaa cha maji, anakifinya, anakifunika tena. Alitazama siku mbili. Siku ya tatu alimtuma mtoto wake amwambie kwamba kwenye chungu kuna nafasi.

Mama alituambia kwamba usiku ule hakulala. Aliwaza kwamba atatiliwa sumu. Tunaandika alivyosema, kwa sababu hakuna mmoja kati yetu ambaye hajawahi kuwaza hivyo. Asubuhi akapeleka chupa, ameifunga katika mfuko wa nailoni mafundo matatu ili ajue kama imefunguliwa. Jioni mafundo yalikuwa vilevile. Siku nyingi mafundo yalikuwa matatu, baadaye mawili, sasa hafungi. Kila asubuhi na jioni anakwenda kwa jirani kuchukua dawa, na kwa kuwa amekwenda, jirani anamuuliza kama amekula. Akisema hapana, anapewa kiazi kwanza. Akichelewa kufika, mtoto anatumwa kumwita. Tangu Machi mwaka jana hajaruka sindano hata moja isipokuwa siku moja, na siku hiyo ni jirani aliyekuwa amelazwa. Mama alikwenda kumlinda, akasahau yake.

Tuliwauliza wote wawili kama wamesameheana. Mama mgonjwa aliinama. Jirani akajibu kwamba hawajafika huko, bado wako kwenye dawa. Tumeiacha hapo. Yule msichana wa Israeli pia Biblia haisemi kama alimsamehe Naamani. Inasema tu kwamba alitaka apone.

Sasa matangazo yanayofuatana na neno hili. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, baada ya maombi ya asubuhi, tunawaomba wote wenye ugonjwa wa sukari, wa kanisa letu na wa makanisa mengine, na ndugu zetu Waislamu pia, wakutane chini ya mwembe wa kanisa. Yule binti wa VHT atakuwepo pamoja na muuguzi mmoja. Mje mmekula, mje na dawa zenu na vijitabu vyenu vya kliniki. Na kila mmoja aje na mtu wake, yaani yule anayejua saa zake za dawa: mume, mke, mtoto, jirani, yeyote. Wababa wanaoficha ugonjwa wao, tunawajua, njooni hata kwa mlango wa nyuma. Wanaosubiri safari watuambie mapema ni nani hapa nyumbani walikuwa wakimwamsha.

Wasio na mtu waje hivyohivyo. Daftari liko kwa shemasi, na wazee wanne na wamama sita wameshajiandikisha kuwa watu wa wengine. Jina la kwanza katika daftari ni la mama mwenye vyungu viwili. Yeye si wa kanisa letu, alikuja mwenyewe akaomba aandikwe.

Ni sisi, mchungaji wenu pamoja na wazee, watumishi wenzenu katika Bwana.